Kufunga hesabu za duka kila jioni: daftari linalozuia wizi na deni la kodi

Chukua duka la vifaa vya ujenzi pale Chake Chake: saruji, mabati, rangi, misumari ya kupima, mabomba. Muuzaji mmoja, kijana mmoja wa stoo, na mwenye duka ambaye nusu ya siku yuko bandarini Mkoani akifuatilia mzigo. Duka la namna hii linaweza kuuza vizuri mwaka mzima na mwenyewe asijue faida imekwenda wapi. Ofisa wa kodi naye akiomba hesabu hupewa boksi la karatasi zilizochanganyika. Watu huyaona haya kuwa mambo mawili, wizi wa ndani na deni la kodi la ghafla, lakini mzizi wake ni mmoja: hesabu ya siku haikufungwa siku ile ile.

Nani anashika nini

Anza na watu kabla ya daftari. Anayepokea pesa asiwe ndiye huyo huyo anayetoa mzigo, na wote wawili wasiwe ndio wanaohesabu mwisho wa siku. Kwa duka letu, muuzaji hupokea pesa na kutoa risiti. Kijana wa stoo hatoi hata mfuko mmoja wa saruji bila ya kuiona risiti, na kila anachotoa hukiandika kwenye daftari lake mwenyewe, idadi tu, bila bei. Mwenye duka huhesabu pesa jioni na kuzipeleka benki. Sasa muuzaji akitaka kuuza bila ya kuandika, itambidi akubaliane na kijana wa stoo. Wizi wa watu wawili ni mgumu kuanza na mgumu zaidi kufichika.

Maduka yetu mengi huendeshwa na watu wa nyumba moja, na hapo ndipo mwenye duka huona haya kuweka utaratibu. Anahisi akimwambia mtoto wa dada yake aweke sahihi kwenye hesabu ya siku atakuwa amemtuhumu. Mambo ni kinyume chake. Sahihi ile humlinda yule kijana siku pesa ikipungua na yeye hakuchukua kitu. Bila ya karatasi, tuhuma humwangukia aliye karibu na mtoto wa meza, yaani droo ya pesa, na ukoo unaweza kugombana kwa elfu ishirini.

Hesabu ya jioni

Funga mauzo nusu saa kabla ya Magharibi. Ukisubiri adhana utahesabu mbio mbio au utasema "nitamaliza kesho", na hesabu iliyolazwa mpaka kesho haina shahidi. Toa pesa zote kwenye mtoto wa meza, zipange kwa noti, na uandike kila aina peke yake:

Noti 48 za 10,000 ni 480,000. Noti 24 za 5,000 ni 120,000. Noti 17 za 2,000 ni 34,000. Noti 19 za 1,000 ni 19,000. Sarafu 5,500. Jumla iliyopo mkononi: Sh 658,500.

Hesabu hii iandikwe kabla ya mtu yeyote kuangalia daftari linasema ngapi. Mpangilio huu una maana kubwa. Anayejua jibu mapema huhesabu mpaka alifikie jibu hilo, kwa nia njema au mbaya. Baada ya hapo ndipo tunatafuta pesa iliyotakiwa kuwepo:

Chenji ya kuanzia asubuhi 50,000, jumlisha mauzo ya taslimu 612,000, jumlisha madeni yaliyolipwa 80,000. Toa matumizi madogo ya siku 38,500. Toa 40,000 alizochukua mwenye duka kwa ajili ya nyumbani. Inabaki Sh 663,500.

Pesa imepungua 5,000. Iandike hivyo hivyo, "pungufu 5,000", tarehe, sahihi mbili. Usiruhusu muuzaji aijaze kutoka mfukoni mwake, wala usiruhusu ziada ya siku moja ifunike pungufu ya siku nyingine. Pungufu ya 5,000 mara moja kwa mwezi ni kosa la chenji. Pungufu ya 5,000 kila Ijumaa ni mtu. Ukizisawazisha kila jioni, hutaweza kamwe kutofautisha mambo hayo mawili.

Kabla ya kumshuku mtu, ipime namba yenyewe. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila ya baki mara nyingi ni tarakimu zilizogeuzwa: 54,000 imeandikwa 45,000, tofauti 9,000. Tofauti inayogawanyika kwa 2 inaweza kuwa pesa iliyowekwa upande usio wake: gawa kwa 2, kisha tafuta namba hiyo. Malipo ya 7,500 yaliyoandikwa kama mapokezi huleta tofauti ya 15,000. Watu wamekosana kwa makosa ya kalamu ambayo yangepatikana kwa dakika kumi.

Mauzo ya simu hayaingii kwenye mtoto wa meza, kwa hiyo yapewe safu yake. Siku hii yalikuwa 184,000. Mauzo ya deni yalikuwa 96,000. Jumla ya mauzo ya siku ni 612,000 + 184,000 + 96,000 = Sh 892,000, na hiyo ndiyo namba inayotakiwa kuonekana pia kwenye jumla ya risiti za kielektroniki za siku, zile za mfumo wa VFMS wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Zisipolingana, ama kuna mauzo yasiyotolewa risiti, ama kuna risiti iliyotolewa mara mbili.

Kosa hilo la mwisho limejaa madukani. Fundi anachukua rangi ya 96,000 kwa deni, anapewa risiti. Baada ya wiki tatu analipa, anapewa risiti ya kielektroniki tena. Mfumo umeshahesabu mauzo ya 192,000 na kodi imetozwa mara mbili kwa ndoo zile zile. Malipo ya deni hutolewa stakabadhi ya kawaida yenye namba ya mfululizo, inayotaja risiti ya mauzo ya mwanzo. Na angalia tena hesabu yetu ya juu: 80,000 ya madeni iliingia kwenye pesa za mkononi lakini haikuingia kwenye mauzo ya siku.

Kuhusu uandishi wenyewe: kalamu ya wino, si penseli. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili namba ya zamani bado isomeke, andika namba iliyo sahihi juu yake, weka herufi za jina lako. Rangi nyeupe ya kufutia isiingie kabisa kwenye meza ya hesabu. Kwenye hati za malipo andika kiasi kwa maneno pia, kwa sababu 1,000 hugeuka 7,000 kwa mkwaju mmoja wa kalamu, lakini "elfu moja tu" haigeuki.

Pesa za matumizi madogo

Wachukuzi wa bandarini, mwenye gari la ng'ombe, chai ya wageni: hawa hawatoi risiti, na ndipo penye upenyo. Tenga kiasi maalumu, tuseme 100,000, kwenye kisanduku chenye ufunguo mmoja. Kila kinachotoka kina kikaratasi: tarehe, kazi gani, kiasi, sahihi ya aliyepokea au alama ya kidole. Wakati wowote wa siku, vikaratasi ukijumlisha na pesa zilizobaki lazima vifike 100,000 kamili. Kisanduku kikikaribia kwisha, hujazwa kwa jumla ya vikaratasi tu, kisha vikaratasi hupigwa muhuri wa IMELIPWA. Muhuri huo upige pia kwenye kila ankara ya muuzaji wa jumla. Ankara isiyo na muhuri inaweza kurudi mezani mwezi ujao na ikalipwa mara ya pili.

Deni la mafundi

Daftari la madeni ndilo linalohitaji macho zaidi kuliko yote. Wizi wake una sura moja maarufu. Fundi wa kwanza analipa 150,000, muuzaji anaitia mfukoni. Fundi wa pili akilipa, muuzaji anaiandika kwa jina la wa kwanza. Wa tatu anafunika la wa pili. Kila mmoja analipa, daftari linaonekana linatembea, na shimo linasogezwa mbele mwezi hadi mwezi. Dalili zake: malipo yanaandikwa siku tatu nne baada ya fundi kusema amelipa, kiasi kilichoandikwa hakilingani na alichotoa, na muuzaji hataki likizo wala hataki mtu mwingine alishike daftari hata akiwa mgonjwa.

Dawa yake ni mwenye duka kuwasiliana na wadaiwa mwenyewe, mwisho wa kila mwezi, bila ya kupitia kwa muuzaji. Ujumbe mfupi unatosha:

"Assalaam alaykum fundi. Daftari letu mpaka leo linaonyesha unadaiwa 230,000, na mara ya mwisho umelipa 70,000 tarehe 14. Ikiwa kwako ni tofauti, nambie tafadhali kabla sijafunga hesabu za mwezi."

Fundi akijibu kwamba alilipa laki moja na nusu, umelipata shimo likiwa bado dogo. Mpe pia kila mdaiwa kijitabu chake kinachotiwa sahihi anapochukua na anapolipa. Na fundi anapochukua vifaa kwa jina la mwenye nyumba, mwenye nyumba apigiwe simu kwanza, siku ile ile. Nyumba nyingi zimedaiwa mabati ambayo hayakupanda juu ya paa lake.

Stoo haisemi uongo

Pesa inaweza kulingana kila jioni na bado duka likaibiwa, kwa sababu mauzo yasiyoandikwa kabisa hayaachi pungufu kwenye mtoto wa meza. Hayo yanakamatwa stoo. Kila wiki chagua bidhaa tano bila ya kutangaza, tatu za thamani kubwa na mbili zozote, uzihesabu.

Saruji ilikuwa mifuko 140. Imeingia 200. Leo ipo 96. Kwa hiyo imetoka 244. Risiti zinaonyesha 238. Mifuko sita haina maelezo. Sasa fungua daftari la kijana wa stoo. Likisema 244, mzigo umetoka mbele ya macho yake na risiti hazikutolewa, muulize muuzaji. Likisema 238, mifuko imetoka kwa njia nyingine, labda usiku, labda iliingia 194 na mtu akatia sahihi ya 200 siku ya kupakua. Ndiyo maana mzigo uhesabiwe wakati unashuka garini, na aliyeuagiza asiwe ndiye anayetia sahihi ya kuupokea.

Saruji iliyoganda kwa unyevu wa masika nayo ina hati yake: idadi, tarehe, watu wawili wameiona, picha moja ya simu. Misumari ina jambo lake pia. Katoni ya kilo 25 ikiuzwa kwa robo robo haitoi robo 100 kamili, kwani kila upimaji hukubali punje kidogo ya ziada. Pima mara moja kwa uangalifu ujue katoni yako inatoa robo ngapi kwa mizani yako, na hiyo ndiyo iwe kipimo chako.

Utapeli unaoingia kwa simu

Ujumbe wa simu usihesabiwe kuwa ni malipo. Mteja akikuonyesha kioo cha simu yake, au ukiingia ujumbe unaosema umepokea 340,000, angalia salio la namba yako ya biashara kabla mzigo haujapanda garini. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, na salio lililoandikwa ndani yake halifuatani na salio lako la mwisho. Muuzaji awe na simu ya biashara inayoonyesha orodha ya miamala, lakini namba ya siri ya kutoa pesa iwe kwa mwenye duka peke yake.

Utapeli mwingine unakuja kwa sauti ya muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam: "tumebadilisha akaunti, lipa hii mpya." Usilipe kwa ujumbe huo. Piga namba ile uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokuja na ujumbe, na uzungumze na mtu unayemjua sauti. Halafu yupo anayejiita ofisa wa kodi, anayetaka "umalizane naye" kwa pesa taslimu au kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Malipo halali ya serikali ya Zanzibar hufanyika kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kupitia ZanMalipo, benki au simu, na unabaki na ushahidi wenye namba hiyo. Muombe kitambulisho na barua, mwambie utafika ofisini mwenyewe. Namba ya simu ya tapeli ipeleke kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Piga pia *106# mara moja moja uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu laini usiyoijua inaweza kutumika kutapeli kwa jina lako.

Nyumba mbili za kodi

Mfanyabiashara wa Unguja na Pemba ana milango miwili, na wengi wanadhani wakilipa mmoja wamemaliza. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo mpaka 2022 ilikuwa Bodi ya Mapato, hukusanya kodi za ndani za Zanzibar, ikiwemo VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mauzo ya ndani. Ritani zake, yaani taarifa za kodi, huwasilishwa kwenye mfumo wake wa mtandaoni wa ZIDRAS. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hukusanya kodi za Muungano: kodi ya mapato, kodi ya mishahara na ushuru wa forodha. Kila nyumba ina usajili wake na kalenda yake. Andika kalenda hizo mbili kwenye karatasi moja uibandike ukutani.

Kiwango cha kawaida cha VAT Zanzibar ni asilimia 15, si 18 ya Tanzania Bara. Hesabu yake hukosewa namna hii: mtu anachukua mauzo ya 892,000, ambayo kodi imo ndani, anapiga asilimia 15, anapata 133,800. Sivyo. Bei yenye kodi ni mafungu 115, na kodi ni mafungu 15 ndani yake. Gawa 892,000 kwa 115, zidisha kwa 15: Sh 116,348. Tofauti ya siku moja ni zaidi ya elfu kumi na saba.

Pesa hiyo si ya duka; umeshikishwa tu. Ihamishie kwenye akaunti nyingine kila wiki. Maduka yanayokwama na VAT mara nyingi yana mauzo mazuri, tatizo ni kwamba pesa ya kodi ilishatumika kununulia mzigo. Upande wa manunuzi, risiti isiyo na jina na namba yako ya mlipakodi haitakusaidia kudai kodi uliyolipa, kwa hiyo isome kabla hujaondoka dukani kwa muuzaji. Wako wanaouza risiti za manunuzi yasiyofanyika ili kodi ishuke. Hilo ni kosa la jinai, na risiti ya namna hiyo huumbuka haraka ofisa anapouliza mzigo uko wapi, kwani stoo yako haina pa kuuonyesha.

Kwa TRA, kodi ya mishahara hupelekwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kwa mwaka wa hesabu unaoishia Disemba, makadirio ya kodi ya mapato hulipwa kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Disemba 31, na ritani ya mwaka huwasilishwa mpaka Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kwa wadogo, daftari lenyewe linapunguza kodi. Katika jadwali la wafanyabiashara binafsi, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyeweka kumbukumbu hulipa 100,000. Anayeweka hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 6 analipa 60,000. Kati ya milioni 7 na milioni 11, bila kumbukumbu ni 250,000. Kwa kumbukumbu ni 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwa hiyo mwenye milioni 10 analipa 180,000.

Alizochukua mwenye duka kwa nyumbani, zile 40,000 za juu, si gharama ya biashara. Ziandike kwenye safu ya matumizi binafsi, na ndoo ya rangi iliyokwenda kupaka sebule iandikwe humo humo. Zaka nayo iwe na ukurasa wake. Mwaka wake ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko mwaka wa kodi, kwa hiyo thamani ya stoo utakayoitumia kutoa asilimia 2.5 huwa si ile ya Disemba 31. Hesabu stoo mara mbili.

Benki, mara moja kwa mwezi

Chukua taarifa ya benki uiweke kando ya daftari la benki, utie tiki kila kinacholingana. Vinavyobaki bila tiki ndivyo kazi yenyewe. Benki inasema 4,860,000. Jumlisha 450,000 ulizoweka siku ya mwisho na bado hazijaonekana, toa hundi ya 300,000 ambayo haijawasilishwa: 5,010,000. Daftari linasema 5,022,000, na kwenye taarifa kuna makato ya benki 12,000 ambayo hukuyaandika. Ukiyatoa, ni 5,010,000. Zimekutana. Pesa "iliyowekwa jana" ambayo baada ya siku kumi bado haijaonekana benki, hiyo ulizia leo.

Kumbukumbu zitunze miaka mitano. Risiti nyingi za mashine ni za karatasi isiyo na wino, na kwa joto letu hufifia mpaka ikabaki karatasi tupu. Zitoe kopi mwezi ule ule, bana kopi na ya asili pamoja, bahasha moja kwa kila mwezi, na boksi likae juu ya rafu, mbali na bati na mbali na sakafu ambayo masika huipanda maji.